Upele bwenini: tumepaka BBE, siku ya kumi umerudi

Patroni_Bweni3

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Bweni lina wavulana 48, umri miaka 13 hadi 17. Kati yao 19 walikuwa wanajikuna, hasa usiku: vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Tulinunua chupa nne za BBE (benzili benzoeti, dawa ya upele ya kupaka) za mililita 100, tukaongeza maji ziwatoshe. Wakajipaka Jumamosi usiku kuanzia shingoni kwenda chini, Jumapili asubuhi wakaoga. Muwasho ulipungua kidogo, siku ya kumi ukarudi kwa kasi, na sasa wapo 26. Wengine wamejinunulia krimu za tyubu duka la dawa. Wawili wana vidonda vyenye magaga ya njano, na mmoja ametoka malengelenge ubavuni, upande mmoja tu, anasema panaunguza kama moto. Je, dawa ilikuwa feki? Nianzie wapi?

Daktari_wa_Ngozi

Mkuu, huenda dawa ni nzima, hesabu ndiyo mbovu. Mililita 400 kwa watu 19 ni kama 21 kila mmoja, halafu mmeitia maji. BBE ya asilimia 25 kwa mwenye zaidi ya miaka 12 hupakwa kama ilivyo. Kuchanganya nusu kwa nusu ni kwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Chini ya hapo ni sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, na mtoto mchanga hakai nayo usiku kucha. Ninyi mmewapa vijana dozi ya watoto, tena mara moja.

Kosa kubwa zaidi ni wale 29 mliowaacha. Anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza wenzake. Muwasho hauletwi na meno ya mdudu: ni mwili unaoukataa utitiri (huyo mdudu mdogo wa upele), mayai yake na kinyesi chake. Ndiyo maana anayeupata tena huanza kujikuna ndani ya siku chache tu. Hao saba walioongezeka wiki hii yaelekea walishakuwa nao siku mnapaka.

Fanyeni upya hivi. Watu wote 48 siku moja, kwa wakati mmoja, nawe na familia yako kama mnaishi humo. Wakate kucha kwanza. Waoge, wajikaushe, wasubiri mwili upoe, ndipo wapake kuanzia chini ya taya hadi nyayo: katikati ya vidole vya mikono na miguu, chini ya kucha, kitovuni, kwapani, kati ya makalio, sehemu zote za siri. Mgongo apakwe na mwenzake, maana hapo ndipo kila mtu huruka. Dawa ikae saa 24. Akinawa mikono ili ale, apake mikono tena. Hili likisahaulika, utitiri wa vidoleni unapona na kazi yote imekwenda na maji. Kesho yake jioni waoge, wapake mara ya pili, saa 24 nyingine.

Nguo, mashuka na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, zikauke juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki saa 72, kwa sababu utitiri ukitoka mwilini hauishi zaidi ya siku mbili tatu. Magodoro yaanikwe. Hela ya kupulizia bweni dawa ya wadudu nunueni BBE.

Mfamasia_Mwanza

Naongeza upande wa vidonge. Kwa bweni lenye nusu ya watu wanaougua, ivermektini, dawa ya kumeza inayoua utitiri, ni rahisi kusimamia kuliko kuhakiki migongo 48. Dozi ni mikrogramu 200 kwa kilo. Kwa vidonge vya miligramu 3: kilo 25 hadi 35 vidonge viwili, 36 hadi 50 vitatu, 51 hadi 65 vinne, 66 hadi 79 vitano. Vinamezwa vyote kwa mkupuo mmoja, na vinarudiwa baada ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa dawa haiui mayai. Wanaoruka dozi ya pili ndio wanaorudi wakisema ivermektini haifanyi kazi. Hapewi mwenye chini ya kilo 15 wala mjamzito. Aliyetoka maeneo ya misitu ya Kongo yenye minyoo ya loa loa asipewe kabla ya kuonwa na daktari, anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo.

Mpangilio huu upitie kwa mganga wa zahanati; vidonge si vya kugawa kama pipi.

Sasa hizo tyubu. Soma maandishi madogo: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi. Muwasho unatulia siku mbili, utitiri unaendelea kuzaana, na vipele vinabadilika sura hadi mganga anadhani ni fangasi au pumu ya ngozi. Zikusanyeni zote leo.

Nesi_Kliniki

Kwa wale wawili: magaga ya rangi ya asali ni bakteria walioingia palipokunwa. Hao wasipakwe BBE leo, itawachoma na hawatakubali tena. Waanze matibabu ya vidonda, dawa ya upele ifuate saa 24 hadi 48 baadaye. Lowesha magaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi yatoke yenyewe, kisha mafuta ya mupirosini asilimia 2 mara tatu kwa siku, siku 7. Kupaka juu ya gaga ni kulipaka gaga. Vidonda vikiwa vingi, au kuna homa, wanahitaji dawa ya kumeza kama kloksasilini au sefaleksini. Amoksilini ambayo kila mtu anayo kabatini mara nyingi inashindwa, kwa kuwa stafilokokasi, bakteria wa vidonda hivi, huivunja.

Wafuatilieni wiki kadhaa. Uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, ni hospitali siku hiyo hiyo: bakteria wa ngozi wanaweza kuacha madhara kwenye figo hata kidonda kikiwa kimeshakauka.

Mwenye malengelenge upande mmoja ana dalili za mkanda wa jeshi, si upele. Watu watasema ni Nairobi flai, yule mdudu anayeunguza ngozi. Huyo huacha mchubuko palipogusana na ngozi, popote pale, haufuati mshipa wa fahamu wa ubavuni kama mkanda wa jeshi. Apelekwe leo: asikloviri, kwa rika lake miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Malengelenge yafunikwe kwa kitambaa safi, kwa sababu majimaji yake yanaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua. Kwa kijana wa umri huo ashauriwe kupima VVU pia.

Patroni_Bweni3

Nashukuru sana wakuu. Nitajuaje safari hii imefanikiwa, maana hata baada ya dawa bado watajikuna?

Daktari_wa_Ngozi

Watajikuna wiki 2 hadi 4, kwa sababu mizoga na mayai bado vimo ndani ya ngozi. Msirudie BBE kila wiki kwa sababu ya muwasho peke yake. BBE ikizidi yenyewe inaunguza na kuwasha, na hapo mtazunguka mwaka mzima. Angalia vijia vipya ambavyo utitiri huchimba kwenye ngozi: mistari myembamba iliyopinda, ya milimita chache, vidoleni na kwenye vifundo vya mikono. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hauonekani kirahisi. Pitisha kidole uhisi ukwaruzo. Ukitilia shaka, chora juu ya kipele kwa kalamu ya wino, futa kwa pamba yenye spiriti. Wino ukibaki umechora kamstari, hapo pana kijia.

Na ukimkuta mtu ana magamba mazito ya kijivu mikononi ambaye hata hajikuni, mtenge haraka. Huo ni upele wa magamba: wa kawaida una utitiri kama 10 hadi 15 mwili mzima, huyu ana maelfu, na unaweza kuwa ndio mnaoukimbiza tangu mwanzo.