Kompyuta ya mezani inajizima na kuganda ovyo: nipime nini kabla sijanunua kifaa?

Kobe_wa_Mjini

Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya kuunga: prosesa Ryzen 5 3600, ubao mama wa B450, kadi ya grafiki GTX 1660 Super, SSD ya NVMe ya GB 500 yenye Windows 11, na pawa saplai ya wati 500 isiyo na jina la maana. RAM zilikuwa mbili za GB 8, DDR4-3200. Baadaye zikaongezwa mbili za kampuni nyingine, sasa ziko nne. XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM mwendo wake wa juu uliotangazwa) imewashwa.

Hitilafu zenyewe hazifanani:

- Kwenye gemu au wakati wa kutoa video inakata ghafla, kiza, halafu inawaka yenyewe. Hakuna skrini ya bluu.
- Kwenye kazi ndogo ndogo, mara skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT, mara Chrome inafunga kurasa zenyewe.
- Ikiachwa imewaka bila kazi, inaganda. Kipanya hakisogei, taa ya Num Lock haiitikii.

Joto la prosesa halizidi nyuzi 75, kadi 71. Windows imeshapigwa upya, hali ni ileile. Fundi mmoja kasema ubao mama umekufa, mwingine kasema ni kadi. Mashine iko kwenye UPS ndogo ya VA 650. Nianzie wapi?

Voltimita

Mkuu, usinunue kitu bado. Umefanya la maana kuzitenganisha dalili. Nashuku una ugonjwa zaidi ya mmoja, na mafundi wako wamegongana kwa sababu kila mtu anatafuta mmoja.

Kwanza iache mashine iseme. Bonyeza Windows + R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye "Automatically restart" na uchague "Small memory dump". Pagefile (faili ambayo Windows huitumia kama nyongeza ya RAM) ibaki kwenye C:, maana bila hiyo dampo, yaani faili ya rekodi ya hitilafu, haliandikwi. Kuanzia hapo, ikitokea skrini ya bluu itakungoja uisome. Ikiendelea kukata na kuwaka hata baada ya hilo, basi si Windows iliyoamua kuiwasha upya.

Halafu fungua eventvwr.msc, Windows Logs, System, utafute Kernel-Power 41. Wengi huona neno "Power" wakakimbilia dukani. Tukio hilo linasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Cha muhimu kiko ndani ya Details, kwenye BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika: umeme umekatika ndani ya mashine, au iliganda ukaizima kwa kitufe. Ukishikilia kitufe, PowerButtonTimestamp nayo haitakuwa 0, kwa hiyo unaweza kutofautisha.

BugcheckCode ikiwa na namba, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona. Namba hiyo iko kwenye desimali, lazima uigeuze: 26 ni 0x1A, yaani MEMORY_MANAGEMENT, 80 ni 0x50, mara nyingi RAM au draiva, 122 ni 0x7A, Windows imeshindwa kusoma data iliyohamishiwa kwenye diski, 278 ni 0x116, kadi ya grafiki iliacha kujibu na draiva ikashindwa kuiamsha, 292 ni 0x124, vifaa vyenyewe vimeripoti kosa. Ukitafuta "292" mtandaoni bila kuigeuza utapata upuuzi mtupu.

Madampo yako C:\Windows\Minidump. Yafungue kwa WinDbg (programu ya Microsoft ya kuyasoma), andika !analyze -v. Usihukumu kwa dampo moja. Yote yakitaja draiva ileile, mfano nvlddmkm.sys (ya kadi za NVIDIA), mfuate huyo. Kila moja likitaja jina tofauti, leo fltmgr.sys kesho tcpip.sys, draiva zote hizo haziwezi kuharibika kwa pamoja: hiyo ni RAM inabadilisha data chini yao. Na ntoskrnl.exe isikutishe, hiyo ni kiini cha Windows, hutajwa hata isipohusika.

Bi_Sloti

Naongezea upande wa RAM, maana RAM nne za kampuni mbili na XMP imewashwa ni mtego unaojulikana.

XMP ya 3200 ni mwendo uliopimwa kwa pea iliyouzwa pamoja, sio kwa pea mbili ulizozikutanisha wewe. Na kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa. Kwa Ryzen 3000, AMD wanaahidi 3200 ukiwa na RAM mbili. Zikiwa nne za upande mmoja (single rank) wanashuka hadi 2933, na zikiwa nne za pande mbili (dual rank) wanashuka hadi 2667. Zaidi ya hapo ni bahati yako na prosesa yako.

Pakua MemTest86, iandike kwenye flashi, uwashie mashine kutoka kwenye flashi hiyo. Usitumie kile kipimo kilichomo ndani ya Windows. Kikikuta kosa ni kweli, kisipokuta hakijasema kitu. Toleo la bure la MemTest86 linazunguka mara nne. Kwa GB 32 iache usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, usiseme "ni dogo".

Mpangilio wa kupima:

1. Zote nne, XMP imewashwa, kama zilivyo sasa.
2. Zikitoa makosa, zima XMP tu, usiguse kingine, pima tena.
3. Kisha pea ya zamani peke yake na XMP, kwenye sloti A2 na B2, yaani ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu pea mpya, sloti zilezile.
4. Pea ikitoa makosa, pima moja moja ndani ya A2. RAM nzuri ikikosea kwenye sloti nyingine tu, shida ni sloti au prosesa haijakaa vizuri.

Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja umeharibu kipimo chote.

Kabla ya kuzirudisha, futa meno yake kwa kitambaa na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile tabia ya kufuta kwa raba ya shule siipendi. Inaacha chembe ndani ya sloti na inakwangua dhahabu. Kwa walio pwani, hewa ya chumvi inachafua meno haraka, na mara nyingine kuchomoa na kurudisha tu kunatosha kuficha tatizo kwa muda, ukadhani umepona.

Rafiki_wa_Soketi

Samahani kuingilia. Yangu ni Core i7-13700K, haijizimi, lakini gemu zinafungwa zenyewe na ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imeisha, wakati kadi ina GB 12. MemTest86 safi.

Voltimita

Mkuu, yako ni nyingine kabisa. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani zina tatizo ambalo Intel wenyewe walilikubali mwaka 2024: volti ilikuwa inapanda kupita kiasi na kuichosha prosesa taratibu. Ujumbe huo wa kumbukumbu ya video hutokea hasa kwenye gemu za Unreal Engine, pale prosesa inapokosea kufungua data iliyobanwa, kadi inasingiziwa.

Weka BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa ubao wako, yenye maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x12B au ya baadaye, kisha chagua "Intel Default Settings". Hiyo inazuia uharibifu usiendelee, haiponyi prosesa iliyokwisha kuchoka. Jaribu kushusha P-core ratio (kizidishi cha mwendo wa prosesa) hadi 50 hivi; gemu zikiacha kufungwa, dai waranti. Intel waliongeza miaka miwili juu ya ile mitatu kwa prosesa za boksi.

Mzee_wa_Amperi

Turudi kwa mwenye mada. Hiyo inayokata kwenye gemu.

Soma stika ya pawa saplai, usisome "500W" iliyoandikwa kubwa. Tafuta mstari wa +12V na amperi zake, zidisha kwa 12. Nyingi za bei rahisi zimeandikwa 500 lakini +12V ina amperi 22 hadi 25, yaani wati 264 hadi 300. Prosesa na kadi zote zinakula kwenye hiyo +12V. Kadi yako ni wati 125, Ryzen 5 3600 inaruhusiwa kuvuta hadi 88, ubao, SSD na feni weka 40. Umefika 253. Tena kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache. Wastani uko sawa, ila huo mruko ndio unaoiangusha.

Pima hivi bila kutoa hata senti. Weka MSI Afterburner, shusha Power Limit (kikomo cha umeme wa kadi) hadi asilimia 60 au 70, cheza gemu ileile. Ikiacha kukata, mkosaji ni pawa saplai au kadi. Kuwatenganisha hao: endesha OCCT (programu ya kuitwisha mashine mzigo) ya prosesa peke yake, halafu FurMark (inayoitwisha kadi mzigo) peke yake, dakika 15 kila moja. Kila moja ikipita ila zikiwa pamoja inakata, ni pawa saplai. FurMark peke yake ikikata, bado huna jibu. Azima pawa saplai nzuri urudie. Kile kipimo cha OCCT kiitwacho Power usikiguse kwenye pawa saplai isiyo na jina. Ikiungua inaweza kuondoka na ubao.

Multimita: ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa Molex (plagi ya pini nne ya pawa saplai), nyeusi kwenye waya mweusi, mashine ikiwa kazini. Inatakiwa isomeke kati ya 11.4 na 12.6. Ikisoma 11.3 kesi imekwisha. Ikisoma 12.0 hujamsafisha mshtakiwa, kwa sababu multimita ya kawaida haioni mporomoko wa milisekunde. Namba za volti zinazoonyeshwa na programu usiziamini sana. Na usifungue boksi la pawa saplai. Kapasita kubwa ya ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

UPS ya VA 650 nayo ichomoe kwa muda, chomeka ukutani kupitia AVR (kirekebisha volti). Nyingi za saizi hiyo hubeba wati 360 hadi 390 tu, na skrini yako imo humohumo. Ukisikia "tik" ya UPS sekunde ile mashine inapokata, ulichokuwa unatafuta kiko nje ya kompyuta.

Bi_Sloti

Na kuganda ikiwa haina kazi: hilo linajulikana kwa Ryzen za zamani. Prosesa ikilala usingizi mzito, mvuto wa +12V unashuka sana, na pawa saplai za muundo wa zamani hazimudu mvuto mdogo hivyo. Ingia BIOS, Advanced, AMD CBS, tafuta "Power Supply Idle Control", uweke "Typical Current Idle". Ubao mwingine unaificha ndani ya Zen Common Options.

Ikiendelea, angalia System kama kuna tukio namba 129 au 153 dakika za kabla ya kuganda. Hayo ni ya diski kuchelewa kujibu. Fungua CrystalDiskInfo, na kwa SSD tafuta firimuwea mpya kwa mtengenezaji. Kwa wenye diski za SATA: C5 (sehemu za diski zisizosomeka vizuri) ikipanda diski inakufa, C7 (makosa ya kusafirisha data) ikipanda badilisha kebo kwanza.

Kobe_wa_Mjini

Wakuu, majibu. RAM zote nne na XMP: makosa mengi. Pea ya zamani peke yake na XMP: safi. Pea mpya peke yake na XMP: safi pia. Zote nne kwa 2666: safi. Stika ya pawa saplai: +12V amperi 22. Power Limit 60, gemu haikati. Nikirudisha 100 inakata. OCCT na FurMark kila moja peke yake zinapita, nikiziwasha pamoja inakata. BugcheckCode za kukata zote ni 0. Hiyo ya Typical Current Idle nimeiweka, bado naangalia. Ninunue pawa saplai gani?

Mzee_wa_Amperi

Wati 550, 80 Plus Bronze (daraja la ufanisi) kwenda juu, kutoka kampuni yenye jina na waranti ya miaka mitano, na +12V isipungue amperi 40. Ya mtumba usinunue kwa kipande hiki. Kapasita huzeeka na huwezi kujua zimefanya kazi saa ngapi.

RAM ziache 2666, au jaribu 2933 upime upya kwa MemTest86 kabla ya kufanya kazi yoyote ya maana. Hakuna iliyokufa hapo, haziivi tu pamoja. Na faili ulizoandika wakati zinakosea zikague, RAM zinazokosea huharibu data kimyakimya: amri ya sfc /scannow kwa faili za Windows, na video zako zifungue mojamoja.

Ukinunua pawa saplai ya kebo za kuchomoa, tumia kebo zilizokuja nayo tu. Upande wa diski unafanana, upande wa boksi kila kampuni imepanga pini zake. Kebo ya zamani inaweza kuingia vizuri kabisa, ikapeleka volti 12 mahali pa 5, na diski zikaungua mara tu ukiwasha.