Tupeane uzoefu: ulichaguaje printa ya wino inayotoa rangi safi?

Wakuu, nianze mimi. Printa yangu ya kwanza niliichagua kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, 4800 x 1200 (vitone vya wino kwa kila inchi), nikiamini namba kubwa ndiyo picha safi. Nikachapa picha ya marehemu bibi. Mashavuni, pale mwanga ulipompiga, vikatokea vitone vitone kama upele. Iliniuma sana. Printa ile ilikuwa na rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Picha hiyohiyo nikaja kuichapa kwenye printa ya wino sita, yenye samawati hafifu na majenta hafifu, na uso wa bibi ukatulia kabisa. Siku hizi naanza na idadi ya wino, namba baadaye. Wenzangu mlichaguaje?

Mpenda Albamu: Pole, mkuu. Mimi nusura niirudishe printa nzima, kumbe kosa lilikuwa karatasi. Ya kawaida hunywa wino, rangi zinafifia. Nunua ya picha, na kwenye mipangilio uchague aina hiyohiyo, maana usipochagua, printa haijui imwage wino kiasi gani. Faili nalo liwe na pikseli (nukta za picha) za kutosha: picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka kama pikseli 1200 kwa 1800.

Mwalimu wa Chati: Mimi nachapa chati za kubandika darasani. Wino wa kuyeyuka majini uling'aa vizuri mno, lakini chati za karibu na dirisha zilipauka, na mtoto akigusa kwa mkono uliolowa, herufi zinachuruzika. Nikahamia wino wa pigmenti, ambao chembe zake hukaa juu ya karatasi. Kwenye karatasi ya kung'aa haupendezi vile, nakubali, ila ukutani unadumu.

Jumamosi: Mimi niliiacha printa yangu miezi miwili bila kuitumia. Picha ya kwanza, anga lote mistari myeupe. Ukurasa wa kukagua matundu ya kutolea wino ukaonyesha samawati imekatika katikati. Niliiamuru printa ijisafishe matundu mara mbili, samawati ikarudi, lakini kusafisha kunakula wino. Sasa kila wiki nachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Kama huchapi mara kwa mara, fikiria hilo kabla ya kununua.

Mpenda Albamu: Nyongeza: nenda dukani na picha yako mwenyewe kwenye flashi, waichape ukiona. Iwe na ngozi ya mtu, anga, na kitu cha kijivu. Kijivu kikiegemea kijani au waridi, omba wajaribu printa nyingine.