Bima ya afya ya wastaafu wa shule za umma New York: ikatwe au isiguswe?

MLETA MADA:
Wakuu, heshima kwenu. Katika jimbo la New York, Marekani, pensheni ya mtumishi wa shule inalindwa na katiba ya jimbo, haipunguzwi. Bima ya afya ya mstaafu huyo huyo haimo kwenye ulinzi huo. Mwaka 1994 likawekwa zuio la muda kisheria, likawa linasogezwa mbele, na 2009 likafanywa la kudumu: wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo fulani, haiwezi kupunguza bima ya wastaafu wake bila kupunguza vivyo hivyo ya walio kazini.

Kwangu hiyo ni haki tupu. Mstaafu hana kiti kwenye majadiliano ya mkataba. Chama cha wafanyakazi kinawasemea walio kazini, na bajeti ikibana, anayekatwa ni asiyekuwepo kikaoni. Tena msiwaze walimu tu. Kuna dereva wa basi, mpishi, mfagiaji, watu wenye pensheni ndogo. Aliyestaafu na miaka 57 anangoja minane zaidi ndipo apate Medicare, bima ya serikali kuu inayoanzia miaka 65. Hata akiipata, ile ya msingi kwa kawaida haigharimii meno, miwani wala vifaa vya kusikia.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, umeruka swali la nani analipa. Pensheni hutengewa fungu mapema na kuwekezwa. Bima ya wastaafu, kwa wilaya nyingi, inalipwa kutoka bajeti ya mwaka huo huo. Mwenye nyumba anatozwa kodi ya majengo ya kuendesha shule leo kwa ahadi iliyotolewa kabla hajahamia hapo. Bodi ya viwango vya uhasibu, GASB, ilipotaka mwaka 2004 gharama hizo zionekane vitabuni, ndipo ukubwa wa deni ulipoanza kuonekana. Fedha hiyo hiyo ingeajiri walimu wapya.

MCHANGIAJI WA PILI:
Kwa hiyo walioahidi wameshaondoka na mafaili yao, halafu anayekabwa shati ni bibi aliyepika chakula cha watoto miaka 30? Illinois katiba yao nayo inalinda mafao ya wastaafu, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema mchango wa serikali kwenye bima yao ya afya umo ndani ya ulinzi huo. Wao mbona hawakusema wenye nyumba waonewe huruma kwanza?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mahakama haichapishi fedha, ndugu yangu.

MLETA MADA:
Hoja ya fedha naipokea nusu. Wilaya ingeweza kuweka akiba tangu zamani, haikuweka, na kosa hilo si la mstaafu. Ila nawashangaa nyote, hakuna aliyeliona tundu. Sheria hii hairuhusu kumkata mstaafu peke yake, lakini kuwakata wote inaruhusu. Walio kazini wakikubali kuchangia bima zaidi, chama chao kinadai nyongeza ya mshahara kufidia. Mstaafu anabebeshwa ongezeko lile lile la mchango, nyongeza haimhusu. Kwenye karatasi wamekatwa sawa, mfukoni kaumia mmoja.

Ningeandika sheria upya, ningetaka fidia yoyote ya aliye kazini ihesabiwe kwanza, ndipo tuseme makato yamelingana. Wilaya bado inabaki na ruhusa ya kubana matumizi. Mkuu uliyeleta hoja ya kodi, hapo unapinga nini?