Kwa nini macho hurudi mahali ambapo kitu hakipo tena?

Muuza Spea, Majengo
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina duka la spea za pikipiki hapa Majengo, Dodoma. Hivi karibuni tulihamisha plagi kutoka rafu ya kushoto tukaziweka nyuma ya kaunta. Mahali pake papya napajua vizuri, na mtu akinipigia simu namwelekeza bila kusita. Lakini fundi akisimama mbele yangu akataka plagi, macho yangu hukimbilia kwanza kushoto na kupekua kati ya nyaya za breki. Kijana aliyeanza kazi baada ya mabadiliko huziona upesi kuliko mimi. Kwa nini inakuwa hivyo, na nifanyeje?

Msomi wa Saikolojia
Kaka, kujua kitu kilipo na kuzoea kukitazama mahali fulani ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2013 mtafiti wa saikolojia Yuhong Jiang na wenzake walichapisha majaribio ambamo herufi iliyotafutwa ilitokea nusu ya mara zote katika robo moja ya kioo cha kompyuta. Watu wakawa wepesi zaidi katika robo ile, na wepesi huo uliendelea hata baada ya herufi kuanza kutokea sawasawa katika robo zote. Mazoea hayo huingia haraka na kutoka polepole, ndiyo maana kijana wako, asiye na la kusahau, anakutangulia.

Binti wa Kondoa
Samahani, mwalimu. Mbona watafiti Horowitz na Wolfe waliandika mwaka 1998 kwamba utafutaji kwa macho hauna kumbukumbu?

Msomi wa Saikolojia
Umeuliza jambo la msingi, dada. Wao walichunguza tendo moja la kutafuta, yaani kama mtu hukumbuka vitu alivyokwisha kuvikagua sekunde chache zilizopita, na hata hilo lilipingwa mwaka 2001 na Peterson na wenzake, waliofuatilia mwendo wa macho. Suala la kaka ni kumbukumbu inayojengeka kutoka utafutaji mmoja hadi mwingine. Mwaka huohuo wa 1998, Chun na Jiang waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi T kati ya L nyingi, huku baadhi ya mipangilio ikirudiwa. Katika mipangilio iliyorudiwa watu waliiona T mapema zaidi, ingawa walipoulizwa hawakuweza kuitofautisha na mipya. Majirani wa kitu, basi, huyaelekeza macho bila mwenyewe kutambua.

Kwa sababu hiyo, kaka, nadhani tatizo lako ni kwamba plagi ziliondoka lakini nyaya za breki zikabaki palepale, zikiendelea kuyaita macho. Badilisha sura ya rafu yote ya kushoto, na plagi ziwekee majirani wasiohamahama. Ukianza kupanga upya kila mara, hata kijana wako atapoteza wepesi alionao.