Lugha ya kubuni: wingi una kazi gani?

MLETA MADA: Wakuu, Zamenhof alipotoa Kiesperanto, lugha aliyoibuni mwenyewe, mwaka 1887 alitaka kitu chepesi. Mbwa ni hundo, wakiwa wengi hundoj. Hapo sina ugomvi. Ila sifa nayo lazima ifuate: bela hundo (mbwa mzuri), belaj hundoj. Ya nini? Bora angeacha wingi kabisa. Wachina na Wajapani majina yao hayabadiliki na wanaelewana. Ukishasema "tatu", nani hajajua ni tatu?

MCHANGIAJI 1: Na hayo unayaandika kwa Kiswahili! "Vitabu vyangu vitatu vimepotea." Kiambishi cha wingi kimerudi mara nne, na tarakimu imo. Sasa itamke penye kelele. Neno la kwanza likimezwa, "vyangu vitatu vimepotea" bado linakupa ngeli na idadi. Marudio hayo ndiyo yanayookoa sentensi.

MCHANGIAJI 2: Kuna na nyumba. Moja nyumba, kumi nyumba, jina halitikisiki. "Nyumba imeungua", "nyumba zimeungua": habari yote imebebwa na kitenzi. Futa upatanisho uone. Waliotengeneza Kiido, yaani Kiesperanto kilichofanyiwa marekebisho, mwaka 1907 waliondoa upatanisho wa sifa, lakini wingi wa jina hawakuugusa: hundo, hundi. Kwa hiyo nusu ya hoja yako ilishapita zamani, mkuu, ile nusu nyingine ndiyo ina shida.

MLETA MADA: Nyumba nimeikubali, japo naona inanibeba na mimi. Toki Pona, lugha nyingine ya kubuni ya mwaka 2001, imemaliza kesi: soweli ni mnyama au wanyama, ukitaka kusisitiza wingi unaongeza mute. Anayetaka kuhesabu ahesabu, mwingine asilazimishwe.

MCHANGIAJI 1: Hiari sawa. Kiklingoni, ile lugha ya kubuni ya Star Trek, nacho ni hiari, lakini ukiamua kuweka wingi unakuta viambishi vitatu: cha viumbe wenye kusema, cha viungo vya mwili, na cha vilivyobaki. Kwangu hizo ni ngeli zimeingilia mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba sisi tunaangalia uhai, wao wanaangalia ulimi. Mbwa wetu hasemi neno na bado anapata "wamekuja".

MCHANGIAJI 2: Umemtaja mbwa, haya nijibuni. "Nimewaona mbwa wake" najua ni wengi. "Mbwa wangu" peke yake, ni mmoja au kumi?

MLETA MADA: Ndiyo maana wengine husema "mbwa zangu".

MCHANGIAJI 2: Na mwalimu wa sarufi anawakata maksi.