Sahani za udongo kwa kalibu ya bakuli: zinapasuka na kupinda, nifanyeje?

Mkungu_Tanga
Habari zenu wafinyanzi. Natengeneza sahani bila gurudumu. Nasukuma udongo kwa kifimbo cha chapati, naulaza juu ya bakuli la plastiki lililopinduliwa, nakata kingo na kuacha ukauke kivulini. Zikiwa mbichi zinapendeza. Zikikauka, nyingi zinapata ufa katikati, na zinazopona hazitulii mezani. Udongo nauchimba bondeni, mwekundu, laini, hauna mchanga kabisa. Tatizo ni udongo au kalibu? Kuna mgahawa wa samaki umeniagiza sahani, nataka nizipeleke nikiwa na uhakika.

Mama_Joko
Mwanangu, udongo wako ni mzuri, ila unanywea sana. Udongo laini namna hiyo unaweza kupungua sehemu moja katika kumi tangu ubichi mpaka kutoka motoni. Sahani ya sentimita 25 itabaki kama 22 na nusu. Bakuli halipungui. Ukiulaza kwa nje, udongo unabana, bakuli halikubali, basi lazima upasuke. Ulaze kwa ndani, utanywea ukijiachia wenyewe.

Ukipenda kwa nje, kwa sababu unataka kubandika kitako, funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu na utoe sahani mapema. Ibonyeze kwa kidole: ikiwa haibonyei, lakini ukucha bado unaikwaruza, itoe hapo hapo. Usingoje ibadilike rangi.

Na huo udongo uongezee vigae. Chukua vyungu vilivyovunjika, twanga, chekecha, changanya kopo moja kwa makopo matano ya udongo. Bibi zetu huku Upareni hawakufinyanga udongo mtupu.

Kupinda ni habari nyingine. Nina hakika unanyanyua bapa la udongo uliousukuma kwa kushika kingo. Acha! Udongo uliokunjwa ukiwa mbichi utajikunja tena motoni, hata ukiunyoosha vipi. Sukuma juu ya kanga kuukuu, geuza, sukuma upande wa pili, kisha beba pamoja na kanga yake. Weka vipande viwili vya mbao vya milimita 8 kulia na kushoto, kifimbo kipite juu yake, unene uwe mmoja. Halafu kingo hukauka kabla ya kitako, na hapo ndipo zinapovuta. Zizungushie ukanda wa nailoni, katikati pakae wazi.

Fundi_Kiambu
Nakubaliana na Mama. Mimi niliachana na plastiki kwa sababu hainywi maji. Nunua jasi, ile wanayopigia dari. Maji lita 1, jasi kilo 1.4 hivi. Nyunyiza jasi juu ya maji, si maji juu ya jasi, iache izame, koroga taratibu, mimina juu ya bakuli zuri ulilolipaka sabuni. Kalibu ikikauka vizuri inavuta maji ya udongo na sahani inaachia yenyewe. Chunga tu chembe za jasi zisiingie kwenye udongo, baada ya kuchoma zitatoboa sahani. Na mabaki usimwage kwenye sinki, yatagandia humo.

Mkungu_Tanga
Shikamoo Mama, asante. Asante na wewe fundi. Kweli nilikuwa nashika kingo. Swali la mwisho: nachoma kwa kuni na makumbi ya nazi, uwanjani. Mgahawa utaridhika?

Mama_Joko
Marahaba. Hapo waambie wazi kabla hujapokea pesa. Udongo wa moto wa uwanjani unabaki na vitundu, unanyonya mafuta na shombo, na hausafishiki vizuri. Kwa samaki wa kukaanga, watandike jani la mgomba kila mara, sahani iwe ya kubebea tu. Wakitaka ya kulia chakula moja kwa moja, tafuta joko la umeme au gesi na vanishi ya kioo, ile inayoyeyuka motoni na kuifunika sahani, isiyo na madini ya risasi. Usikubali mtu akuuzie rangi ya mafuta kwa kisingizio kwamba inang'aa. Anza na joto dogo sana mpaka maji yote yatoke, sahani bapa haina subira na moto wa ghafla.