Tupeane uzoefu: mtoto wa SS (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) unamlisha nini, unamkataza nini?

Mama wa Katuba (mwanzisha mada)

Jambo wazazi, jambo na ninyi mnaoubeba huu ugonjwa mwilini mwenu. Binti yangu ana miaka 9. Tulijua kuwa ni SS akiwa na miezi 10, vidole vya mikono na miguu vilipovimba kama maandazi. Mimi AS (nabeba mbegu ya ugonjwa bila kuumwa), baba yake AS. Kila mimba ilikuwa kura ya moja kwa nne. Kaka zake wawili walinusurika, yeye ikamwangukia.

Tangu hapo kila anayeingia kwangu anakuja na mapishi. Betrave (bitiruti kwa ndugu wa Tanzania). Tomati ya mkebe na maziwa. Supu ya kwato. Mama mkwe akifika hata hajakaa: "Mutoto hana damu, umupatie vitu vyekundu!" Kana kwamba damu inatengenezwa kwa rangi.

Sasa nisimulie kosa langu, nanyi msione haya kusimulia yenu. Mtoto alikuwa anakojoa kitandani mpaka miaka 7. Nikafanya walivyofanya mama zetu: ikifika saa kumi na moja jioni, maji basi. Usiku anakula bukari (ugali) na samaki wa chumvi, maji hapewi. Saa nane za usiku analia miguu. Sikuunganisha hayo mambo mawili hata siku moja. Mwezi wa saba, na baridi ya Lubumbashi mnaijua, tukapata krizi (mashambulio ya maumivu) tatu ndani ya wiki tano.

Katika ile ya tatu muuguzi mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, mara ya mwisho anakunywa maji saa ngapi?" Akanieleza kwamba figo za mtu wa SS huharibika mapema, haziwezi kubakiza maji mwilini. Maji yanapita tu, hata mwili ukiwa unayahitaji. Ndiyo maana analowesha kitanda, si uvivu. Na ukimnyima maji, damu inakuwa nzito, zile chembe zinajikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo.

Kwa hiyo nilikuwa namchapa kwa sababu ya figo zake. Niliporudi nyumbani nilinunua plastiki ya kufunika godoro, nikamwekea chupa yake ya lita moja na nusu, nyingine ya shule, na kikombe kando ya kitanda. Krizi hazikuisha, nisiwadanganye. Ila mwezi wa saba uliofuata tulilala hospitali mara moja tu.

Haya, nani anafuata?

Yaya wa Ruashi

Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, miaka 31. Jambo langu ni mfungo. Kanisani tulitangaziwa siku tatu kavu: hakuna chakula, hakuna maji. Niliona haya kusema siwezi, maana kijana ukisema hivyo wanakutazama kama una imani ya nusu kikombe. Siku ya pili mchana mgongo ukaanza. Usiku kifua. Nimefungua macho niko na oksijeni puani.

Mchungaji alikuja kunitazama, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Ungeniambia, mwanangu." Kweli, sikumwambia. Sasa wenzangu wakifunga, mimi nakunywa maji na uji, na sitoki nje kujificha.

Papa Kamalondo

Na bia?

Yaya wa Ruashi

Papa, bia inakausha. Niliiacha. Munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi na mizizi) nakunywa, ule mpya usiochacha.

Mama wa mapacha, Kampemba

Mimi kilichoniponza ni siro (dawa ya maji). Mwanangu ameongezewa damu mara nyingi, nimeacha kuhesabu baada ya kumi na moja. Kila akitoka hospitali, duka moja la dawa la mtaani linanipa siro ya kuongeza damu, tamu, mtoto anaipenda. Miaka miwili. Halafu daktari mwingine akaagiza kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Chuma kilikuwa kimejaa mwilini kupita kiasi.

Nilikasirika sana. Anemia si upungufu wa chuma? Kumbe kwa mtoto wangu sivyo. Muuguzi uliye humu, naomba uwaeleze, mimi nikieleza nachanganya.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Nipo. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Za SS huishi siku 10 hadi 20. Damu haikosi malighafi, inavunjika haraka. Chembe ikivunjika, chuma chake kinabaki ndani na kinatumika tena. Tena kila mfuko wa damu unaoongezwa unaleta miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna mlango wa kukitoa. Ndiyo maana siro ya chuma haitolewi bila kipimo. Wapo watoto wa SS wanaokosa chuma kweli, lakini hilo linasemwa na maabara, siyo na duka.

Kinachoisha haraka ni foleti (vitamini ya kutengenezea damu), kwa sababu uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unafanya kazi usiku na mchana. Ndiyo maana tunatoa vidonge vya asidi ya foliki. Kwenye chakula iko katika maharagwe, karanga, lengalenga (mchicha), matembele, na hata hiyo betrave ya mama mkwe (rangi haihusiki). Moto mrefu unaiua, kwa hiyo lengalenga isichemke mpaka iwe tope. Lakini SOMBE (kisamvu) msiiharakishe! Ile ina sumu yake, itwangwe na ichemke sana kama kawaida.

Jingine: miili ya watoto hawa inaunguza chakula kuliko ya wenzao, na uvimbe wa ndani hauzimiki hata siku ambazo hawalii. Mtoto anakula sahani sawa na kaka yake na bado anakonda. Mpeni mara nyingi, kidogo kidogo: yai, karanga za kusaga kwenye uji, samaki.

Kuhusu mbaazi, najua mtaniuliza. Maabara zimeonyesha kwamba maji yake yanapunguza kujikunja kwa chembe ndani ya kichupa. Kichupa si mtoto. Kuleni mbaazi, ni chakula kizuri, lakini msiache hidroksiyurea, dawa ya SS ya hospitali, kwa ajili yake. Hiyo dawa ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua.

Dada wa Nguba, Bukavu

Huku tunasaga sambaza (dagaa) za ziwani, unga wake naunyunyizia kila kitu. Mdogo wangu hajui hata kama anakula samaki. Shida yangu ni pemba, ule udongo wa kula. Anaitafuna kwa siri kama pipi. Nikiificha analamba ukuta.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Dada, usimpige. Watoto wengi wa SS wanatamani udongo. Mwambie daktari wake, apimwe chuma na minyoo. Ule udongo unashika madini tumboni, zinki nayo inapotea, na bila zinki harefuki.

Dada wa Nguba, Bukavu

Asante. Na shuleni mnafanyaje? Mwalimu anasema akinywa maji hivyo atatoka darasani kila nusu saa.

Mama wa Katuba (mwanzisha mada)

Atatoka, ndiyo. Wangu anatoka mara nne asubuhi. Nilimwandikia mwalimu barua ya ukurasa mmoja, daktari akagonga muhuri chini, na sasa binti yangu anakaa karibu na mlango, haombi ruhusa. Kesho nikirudi sokoni nitainakili hapa, ubadilishe jina tu.